Usilifute lile doa ukutani

Mwanzoni nilidhani kupiga picha majengo ya zamani ni mistari kunyooka tu, ukishakuwa na tripodi na lenzi pana umemaliza. Nikapewa kazi ya kupiga stesheni kuukuu ya reli kabla haijakarabatiwa, na kwenye chumba cha kusubiria kulikuwa na doa jeusi refu ukutani, juu kidogo ya benchi, basi mimi na ufundi wangu wa kompyuta nikalifuta lote ukuta ukabaki mweupe pee. Nikajiona fundi kweli. Siku ya maonyesho mzee mmoja aliyefanya kazi pale akaisogelea ile picha, akaweka kidole palepale, akaniuliza, "Kijana, vichwa vya watu umevipeleka wapi?" Kumbe lile doa lilikuwa mafuta ya nywele ya abiria walioegemea pale miaka na miaka wakisinzia kungoja treni ya usiku, na wakati ananiambia ukuta wenyewe ulishapigwa rangi zamani.

Kilichoniokoa ni faili mbichi, yaani picha kama ilivyotoka kwenye kamera kabla ya kuhaririwa, sikuwa nimelifuta. Kwa hiyo kama unaingia kwenye kazi hii usiguse faili la mwanzo, hariri nakala, na weka nakala nyingine mbali na nyumbani kwako.

Halafu kabla hujafungua begi la kamera kaa na watu wa jengo. Usiulize "lilijengwa lini", hilo utalikuta kwenye makaratasi, uliza mlango gani ulikuwa haufunguliwi na watoto walikuwa wanajificha wapi. Majibu ndiyo yatakuonyesha pa kusimama. Mpiga picha Mfaransa Eugène Atget alizunguka Paris ya zamani kama miaka 30 akipiga mpaka ngazi na vigongeo vya milango, akiwauzia wachoraji na maktaba, hakujiita msanii wala nini, akafa 1927 na mwaka 1968 jumba la makumbusho la MoMA kule New York likanunua mkusanyiko wake. Mimi vile vigongeo ndivyo vinanimaliza kuliko picha zake za mitaa. Bernd na Hilla Becher, mume na mke wapiga picha wa Ujerumani, nao walianza 1959 kupiga minara ya maji na mitambo, kila mmoja umbo lake, siku za mawingu ili vivuli visisumbue, subira yao naiheshimu ila binafsi picha zao naziona baridi, mtu hamna kabisa.

Mambo ya ufundi ni machache. Kamera iwe sawa kabisa usiiinamishe juu, jengo refu rudi nyuma kisha ukate picha baadaye kama huna lenzi ya kusogeza (shift), ile inayopandishwa juu bila kuinamisha kamera. Piga na nyuma ya jengo, kule kwenye mabomba, maana wote wanapiga mbele. Na maelezo ya picha yaandikwe siku hiyohiyo: tarehe, unatazama upande gani, nani kakusimulia na kama karuhusu jina lake litajwe. Mimi nina mamia ya picha za miaka ya mwanzo ambazo leo sijui ni ngazi za wapi.

Hela? Inachelewa, mimi harusi ndizo zimenilisha miaka mingi na sioni aibu.

Ile picha nikaichapisha upya na doa lake nikampelekea mzee. Akaiangalia sana, akasema benchi nimelikata upande wa kushoto.