Kabla hamjamkabidhi cheti mwosha maiti wa mtaa wenu

Kila Machi ikikaribia, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja. Kikundi fulani, mara cha Korogwe, mara cha Muheza, mara cha hapa hapa Tanga mjini, kinataka kuwaenzi akina mama wanaoihudumia jamii bila malipo, na wameona Siku ya Wanawake, Machi 8, ndiyo inayofaa. Wanachouliza ni kimoja: tuwape nini? Cheti na doti ya khanga? Cheti na kitenge? Kuna waliofikiria keki.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kufa na kuzikana, Ngamiani, na kwa nafasi hiyo nimeshiriki shughuli nyingi za namna hii, nyingine nzuri, nyingine za kukufanya utafute mlango ulipo. Siku hizi swali lao nalijibu kwa swali: hiyo huduma anayowapa huyo mama, yeye inamgharimu nini? Mkishajua hilo, zawadi haitawasumbua kuichagua.

Nitamzungumzia zaidi mwosha maiti wa kike. Ndiye ninayemjua vizuri, halafu katika watu wote wanaoubeba mtaa, yeye husahaulika upesi kwa sababu hakuna anayependa kumkumbuka. Kwetu Waislamu maiti ya mwanamke huoshwa na wanawake, kwa hiyo kila mtaa una bi mkubwa wake wa kazi hiyo, wawili mkibahatika. Anagongewa saa nane za usiku. Anagongewa futari ikiwa mkononi. Hana zamu wala likizo, na akisafiri kwenda kumwona mwanawe Dar, watu wanauliza kwa hasira amekwenda wapi.

Siku moja nilikaa na bi mkubwa wetu nikamwomba anihesabie. Kwanza alicheka, akasema hizo ni hesabu za Mungu. Nikamwambia za Mungu tumwachie Mungu, tuhesabu za bodaboda. Hapo ndipo mambo yakaanza kutoka. Nauli ya usiku, ambayo wafiwa huahidi kuirudisha na kwa majonzi yao husahau, na yeye haendi kudai msibani. Sabuni. Aproni ya nailoni. Khanga zake kuukuu anazozitumia kumsitiri marehemu wakati wa kuosha, ambazo hazirudi. Sanda, pamba, kafuri na majani ya mkunazi familia huleta, kwa kuwa kila mtu anajua hivyo vinahitajika. Glovu hakuna anayezikumbuka, hununua mwenyewe. Halafu kuna vitumbua: ndiyo biashara yake, na siku anayoosha maiti havipikwi, maana unga ulioumuliwa usiku unachachuka akiwa kwenye msiba wa watu. Mgongo je? Kumgeuza marehemu ubavu huu na ubavu ule kunataka nguvu za vijana, na yeye si kijana. La mwisho hakulitaja kama gharama, alilisema tu wakati ananisindikiza: maiti ya mtoto ikimpitia mikononi, siku hiyo halali.

Sasa chukueni hesabu hiyo mwiweke pembeni ya cheti chenye fremu ya dhahabu. Mtaona wenyewe.

Jambo la kwanza ninaloshauri ni kuingiza gharama zake kwenye bajeti ya msiba. Angalieni daftari lolote la kikundi cha maziko: kuna fungu la gari, la mbao, la chakula, la maturubai, hata la soda za vijana wanaochimba kaburi. Mwosha hana mstari. Yeye huambiwa "Mungu atakulipa", na sote tunaitikia amina, kana kwamba wachimba kaburi Mungu hawalipi! Mkileta hoja hii kwenye kikao, jiandaeni, mzee mmoja atasimama aseme mkimpa pesa mtamharibia thawabu zake. Mjibuni kwa adabu kwamba kumrudishia mtu nauli na bei ya sabuni hakugusi thawabu zake. Kisha mwombeni sheikh wa msikiti aseme yeye, maana neno lake litapita pale lenu litakapokwama. Kwa mujibu wa fiqhi, gharama za kumwandaa na kumzika marehemu hutolewa kwenye mali yake mwenyewe, kabla ya deni, kabla ya wasia, kabla ya mirathi kugawanywa. Sisi ndio tuliozoea kuzibebesha mabega ya bi mkubwa mmoja.

Glovu ni suala la usalama, na hapa sina mzaha. Mnakumbuka kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kikasambaa mikoani. Mnakumbuka Marburg ya Kagera, Machi 2023, iliyoua watu 6, ugonjwa unaopita kwa majimaji ya mwili, ya mgonjwa na ya maiti vilevile. Anayeinama juu ya maiti katika nyumba ya mtaani ni huyu mama yetu, na mara nyingi hakuna anayemwambia marehemu alikuwa na nini. Familia huona aibu kusema. Kwa hiyo sehemu ya kumheshimu ni kumpa haki ya kukataa bila kusemwa vibaya. Pakiwa na shaka ya ugonjwa wa mlipuko, mjumbe wa shina au mwenyekiti wa mtaa amwite afisa afya kwanza, na iwe mmekubaliana hivyo mapema, siku ambayo hakuna msiba. Siku ya msiba hakuna anayesikia la mtu.

Njooni sasa kwenye hadhara yenyewe. Kuna akina mama wanaopenda kuitwa mbele, na ni haki yao kabisa. Wako wengine hawataki, wanaogopa riya, yaani kazi ya Mungu igeuke ya kuonyesha watu. Mwulizeni kabla hamjachapisha bango. Tulipomwendea wetu tukamwambia, "Shikamoo bi mkubwa, tunataka siku hiyo tukutunze," alitutazama mmoja mmoja akasema, "Marahaba. Mnitunze, kwani naolewa?" Tukaelewana. Akataka dua isomwe nyumbani kwake na chakula wale watoto wa madrasa. Ilitoka nafuu kuliko ukumbi.

Na mkimpandisha jukwaani, msimpe kipaza sauti asimulie. Nilihudhuria hafla moja, kikundi sikitaji, ambapo MC aliyechangamka kupita kiasi alimuuliza mwosha maiti ni maiti gani iliyowahi kumtisha. Ukumbi mzima ukanyamaza, maana nusu yetu mama zetu aliwaosha yeye. Mwosha anaona donda lililofichwa, kovu la kipigo, mimba isiyojulikana. Anachokiona anakisitiri mpaka na yeye aoshwe. Hiyo ndiyo amana anayoitunzia mitaa yetu, na risala inayojaa mifano ya "alimwosha hata fulani aliyekufa hivi na hivi" inaivunja mbele ya watu. Mama yule alisema tu, "Wote ni waja wa Mungu," akarudisha kipaza sauti. Huyo MC angekuwa wangu ningemkata posho.

Khanga nazo zina mambo. Msimtume kijana asiyesoma jina la khanga. Nimeona mama mzima, mtumishi wa watu, anakabidhiwa doti imeandikwa "Mtaniona hivi hivi" na ukumbi ukaguna kama uko kwenye taarabu. Watu wakakaa wiki nzima wanajadili aliyekusudiwa ni nani.

Wapishi wa misiba na shughuli nitawapitia haraka, mambo yao mengi yanafanana. Wanakula mwisho, na mara nyingi ni ukoko. Wapakulieni kwanza, sinia lao liwekwe pembeni kabla wageni hawajakaa. Kazi ya kuosha masufuria ya pilau wapeni vijana wa kiume au mlipie mtu. Mambo haya mawili yatawafurahisha kuliko risala.

Lililo zito zaidi, ambalo vikundi vingi hawaligusi, ni la mrithi. Mwosha wenu akiwa peke yake, heshima mnayompa inaweza kuwa kamba: mkimsifu kila mwaka, na kila mwaka anazidi kuzeeka, bado ndiye anayegongewa usiku. Atapumzika lini? Sisi tulikwenda polepole. Hatukutangaza msikitini "anayetaka kujifunza ajitokeze", maana hakuna angejitokeza. Tulimwachia achague mwenyewe, na alichagua wanawake watatu ambao mimi nisingewafikiria, mmoja wao msusi anayependa kelele. Alisema mikono yake ni laini. Akawafundisha kwanza kwa mwanasesere wa nguo kuukuu, mkubwa kama mtu: namna ya kufunika, namna ya kumimina maji bila kufunua, kuanza upande wa kulia, idadi ya witiri, yaani isiyogawanyika kwa mbili, kuzikata na kuzipanga nguo tano za sanda ya mwanamke. Baadaye wakawa wanamsaidia kwenye misiba halisi, mmoja akikimbia nje kutapika na kurudi, na hakuna aliyemcheka. Leo simu za usiku zinakwenda kwa msusi kwanza. Bi mkubwa huitwa pale familia inapomtaka yeye hasa. Katika yote tuliyomfanyia, hili ndilo aliloshukuru kwa sauti.

Halafu liandikeni jina lake. Namaanisha kwenye karatasi za kudumu: muhtasari wa kikundi, muhtasari wa mkutano wa mtaa, kamati ya zahanati kama amekuwa akisaidia huko. Tanganyika ilipokuwa ikidai uhuru miaka ya 1950, Bibi Titi Mohamed aliingia kwenye vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam, akawaleta maelfu kwenye TANU, chama kilichodai uhuru huo. Jina lake liko kwenye barabara kubwa katikati ya jiji leo, na halali yake. Lakini wale viongozi wa lelemama, ngoma hizo za wanawake, waliomfungulia milango, waliopika, waliochangisha senti, wangapi mnaweza kuwataja? Hawakuandikwa na aliyekuwa karibu nao wakati huo, basi.

Maandishi yana faida ya leo pia. Serikali ilizindua Januari 2024 mpango wa kuwapata wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika miaka mitano, wenye mafunzo na posho. Mtaani kwako kuna mama aliyekuwa akiwapeleka wajawazito kliniki na kuwafuatilia watoto wasiochanjwa kabla hata mpango huo haujasikika. Nafasi zikitangazwa, mpelekeeni taarifa mlangoni kwake, msaidieni kuandika barua, na mwambatanishieni mihtasari inayoonyesha aliyoyafanya. Kama vigezo vya elimu au umri havimruhusu, semeni kwenye mkutano kwamba anayechukuliwa aanze kwa kujifunza kwake. Wenzetu Kenya mwaka 2023 walianza kuwalipa wahudumu wao wa jamii shilingi 5,000 za kwao kwa mwezi, nusu serikali kuu na nusu kaunti. Si fedha nyingi, ila imekubalika kwamba kazi ile ni kazi.

Kama akina mama hao wana kikundi au wako tayari kuunda, mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake. Muwe na katiba ya kikundi, akaunti na subira ya kupanda ngazi za ofisi. Mama anayeosha maiti na kupika vitumbua hana muda wa kurudishwa kesho mara nne. Mtoeni mtu mmoja kwenye kamati yenu, mwenye maneno na viatu imara, afuatilie kwa niaba yao.

Kuna ndugu aliniuliza mwaka jana, hivi yote haya yakifanyika, sherehe ina haja gani? Ina haja. Mimi napenda sherehe, napenda watu wavae sare na wapige vigelegele, na najua mama aliyeitwa kwa jina mbele ya wanawe anatembea tofauti kesho yake. Ila ukumbi ukiwamaliza fedha kabla hamjamlipia nauli, ahirisheni ukumbi.

Kuhusu kiasi cha kutenga, kila kikundi kina mfuko wake. Sisi hukata kidogo kwenye mchango wa kila mwezi, na mfuko wa mwosha una glovu, sabuni, aproni mbili, vocha na nauli ya kwenda na kurudi. Akaunti ya nauli iwe kwa mweka hazina, na bodaboda awe mmoja anayejulikana, alipwe na kikundi mwisho wa wiki, ili bi mkubwa asitoe senti usiku. Boksi la glovu lisiwekwe nyumbani kwake. La kwetu la kwanza wajukuu waliligeuza mapulizo yote siku ya Idi.