Injini ya tabopropu katika kiigizi cha urukaji: tenganisha mihimili kwanza

Injini nyingi za tabopropu (injini za gesi ya moto zinazozungusha propela) ninazozijaribu katika programu za kuigiza urukaji zina kasoro ileile: wenzo wa nguvu umefungamanishwa moja kwa moja na mizunguko ya propela, kana kwamba ni injini ya pistoni iliyobadilishwa sauti. Katika injini ya PT6A-114A, inayotumika kwenye Cessna 208B Grand Caravan, mhimili wa kompresa (sehemu inayobana hewa) na mhimili unaoendesha propela haijaungwa kwa chuma chochote. Kinachoihusisha ni gesi ya moto tu. Kwa hiyo ninashauri uunde miili miwili inayozunguka kila mmoja kwa kasi yake, na wenzo uamuru mafuta pekee. Mafuta yaharakishe kompresa kwa kuchelewa kidogo, gesi izalishe torki (nguvu ya kuzungusha), kisha kidhibiti cha propela kiongeze pembe ya mapanga ili mizunguko ibaki 1,900 kwa dakika. Rubani akisukuma wenzo angani, torki ipande huku mizunguko ikitulia palepale.

Hesabu ya kuhakiki ni rahisi: torki ya futi-pauni 1,865 ukiizidisha kwa 1,900, kisha ukaigawanya kwa 5,252 (namba ya kubadili vipimo hivi kuwa nguvu-farasi), utapata takriban nguvu-farasi 675, ambayo ndiyo nguvu rasmi ya injini hiyo. Jibu likitofautiana sana, usihangaike na mengine kabla ya kulirekebisha.

Kuwasha ndiko kunakotofautisha kazi makini na ya juujuu. Mafuta huingizwa kompresa ikiwa imefikia angalau asilimia 12 ya kasi yake. Joto hupanda ghafla, kisha hushuka kompresa inapoelekea asilimia 52 hivi. Rubani akiharakisha mafuta, au betri ikiwa dhaifu, joto likaribie kikomo cha kuwashia cha nyuzi 1,090 za Selsiasi, hata kukivuka. Programu inayomsamehe kila mara haimfundishi chochote. Propela nayo ianze kuzunguka kivivu, kwa sababu mapanga hukaa yamekabili upepo kwa makali hadi shinikizo la oili lijengeke.

Karibu na usawa wa bahari kinachomzuia rubani ni torki. Juu zaidi, ambako hewa ni nyepesi, kikomo cha joto la gesi ndani ya injini, nyuzi 805, hutangulia kufika. Wakati wa kushuka, wenzo ukirudishwa hadi nguvu ya chini kabisa ya angani, mapanga yaliyolala katika pembe ndogo yaivute ndege nyuma kwa nguvu. Hapa watengenezaji wengi huwa wapole mno, na ndege ikateleza hewani kama ndege nyepesi isiyo na injini.

Usihamishie tarakimu hizi kwenye TPE331, injini nyingine ya tabopropu. Hiyo ina mhimili mmoja, huzunguka karibu na asilimia 100 ya kasi yake wakati wote wa kuruka, huitikia wenzo upesi zaidi, na huwashwa mapanga yakiwa yamefungwa katika pembe ndogo ili yasiielemee mota ya kuwashia. Programu ya kuigiza urukaji ya X-Plane hutenganisha aina hizi mbili tangu mwanzo wa kuunda ndege. Chagua iliyo sahihi kabla ya kugusa tarakimu yoyote.