Nyumba ya wageni kando ya Ziwa Victoria: maswali yenu

*Usiku kiboko hupanda kula nyasi za bustani yangu hapa Dunga, na wageni hutoka na simu kumpiga picha. Niwazuie?* (Mama mwenye nyumba)

Wazuie, mama, wala usione haya. Mchana kiboko hujificha majini kwa sababu ngozi yake haistahimili jua. Giza likiingia hutoka kula, na usiku mmoja anaweza kumaliza kilo 40 za nyasi. Ana njia yake anayoirudia kila siku. Asubuhi utaiona imekanyagwa hadi ikabonyea. Watu wengi hudhani hatari ni kumsogelea. Hatari kubwa zaidi ni kusimama kati yake na maji, kwani akishtuka hukimbilia ziwani, na mbio zake huzidi za mtu.

Waonyeshe wageni njia hiyo wakifika tu, kabla hawajafungua mabegi. Usipange viti wala kusimamisha hema juu yake. Usiku wamtazame kutoka ghorofani au dirishani. Akiwa na jeraha, au akianza kuzurura mchana karibu na nyumba, pigia KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, simu. Vijana wasimtupie mawe.

*Mafunjo yameniziba, wageni hawaoni maji. Naweza kuyafyeka?* (Baba Achieng, Kisumu)

Nakusihi usiyafyeke, mzee. Mafunjo huchuja matope kabla hayajaingia ziwani, na samaki wadogo hujificha mizizini. Humo pia anaishi ndege mwenye kifua chekundu, utosi wa manjano na mgongo mweusi, ambaye makao yake ni mafunjo. Kuna wageni wanaotoka ng'ambo kuja Dunga kumtafuta yeye. Wewe unaye mlangoni! Jenga roshani juu kidogo, waone ziwa juu ya mafunjo. Na kabla ya kugusa ardhi oevu yoyote, waone NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya.

*Wageni wanataka boti saa kumi jioni. Nahodha anasema asubuhi ni bora. Nani yuko sawa?* (Dada wa Usoma)

Nahodha. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, basi upepo huvuma kutoka ziwani na alasiri mawimbi huinuka. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne hivi maji huwa yametulia, mnandi wanapiga mbizi na mdiria wanavizia samaki. Anayetaka kuona jua likizama aende karibu na ufuo tu, na nahodha akikataa, asishurutishwe. Jaketi la kuokoa maisha livaliwe na kufungwa, lisikaliwe kama mto. Mkiona gugumaji, ule mmea unaoelea, limetanda, msijaribu kulipenya: upepo ukigeuka linawafungia njia ya kurudi.

*Wanaweza kuogelea ufuoni?*

Hapana. Konokono wa maji ya kina kifupi hubeba vimelea vya kichocho. Aliyekwisha kuingia akapimwe hospitalini; dawa ipo.

*Maua ya gugumaji yananivutia. Nipande kidimbwini?* (Mpenda maua, Nyamasaria)

Usipande, dada. Gugumaji lilitoka Amerika Kusini, na tangu lienee huku kwetu miaka ya 1990 wavuvi wamekwama nalo tele. Mvua moja ikifurika kidimbwi chako, litaufikia mto. Ukitaka ua la majini, tafuta yungiyungi wa buluu: ni wa huku huku Afrika, na hufunguka jua likipanda, wageni wakiwa kwenye chai.