Msiandike 120/80 kwa mazoea

Wadogo zangu mnaoanza kliniki ya wajawazito, kuna kadi moja hainitoki akilini. Mwenyewe aliletwa usiku kwa bajaji, mimba ya kwanza, wiki 31, kichwa kinamuuma tangu asubuhi. Uso umevimba, pete imezama kidoleni. Presha 170/115. Nikafungua kadi: mahudhurio manne, yote 120/80. Baadaye nikaambiwa mashine ya kule alikokuwa akihudhuria ilikufa zamani. Badala ya kuandika "haikupimwa", mtu aliandika namba ya kitabuni.

Kadi ya namna hiyo hujisaliti yenyewe, maana presha ya mjamzito haikai mahali pamoja. Mishipa hulegea mapema, presha inashuka, inafika chini kabisa kwenye wiki ya 20 hadi ya 24, halafu inapanda taratibu kurudi ilikotoka. Ndiyo maana mama wa wiki 22 ana 96/58 na anakwambia, "Sista, mimi presha yangu ya kushuka, hainisumbui." Mara nyingi anasema kweli. Lakini iandike vilevile ilivyo, maana akirudi wiki ya 30 na 134/86 utahitaji kujua alipotokea. Hajafika 140/90, hivyo huwezi kusema ana ugonjwa wa presha ya mimba. Zamani namba ya juu kupanda kwa 30 na ya chini kwa 15 kulitosha kumpa mtu jina la ugonjwa. Kigezo hicho kiliachwa kwa sababu kiliwanasa wengi wasio na tatizo. Mimi hata hivyo mama huyo simpi tarehe ya mwezi ujao. Namwita baada ya siku chache, na siku hiyohiyo napima mkojo kuona kama una protini, dalili ya ugonjwa huo.

Kupima kwenyewe kunaharibika kwa vitu vidogo. Ameshuka kwenye bodaboda sasa hivi? Akae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, kibofu kitupu, na msimpigishe hadithi. Mkono wa baibui ukikunjwa juu unabana kama kamba, bora autoe kabisa. Mama mwenye mkono mnene ukimfunga mkanda mdogo utampa presha asiyokuwa nayo. Mkojo nao uwe wa katikati, siyo wa mwanzo, kwa sababu ute ukichanganyika kijiti kitaonyesha protini ya bure. Ukipata 140/90, rudia baada ya muda wa saa nne. Ukipata 160/110, hakuna cha saa nne: rudia ndani ya dakika 15, na ikibaki hapo anza dawa.

Sasa suala la njiti, watoto wanaozaliwa kabla ya wakati, ambalo ndugu hutugombeza sana. "Mbona mnamtoa mtoto hajafika?" Waelezeni bila haraka. Ugonjwa huu, tunaouita kifafa cha mimba hata kabla degedege halijaja, chanzo chake kiko kwenye kondo la nyuma. Mishipa ya mji wa mimba iliyotakiwa kutanuka haikutanuka vizuri, kondo linapata damu haba, mtoto anadumaa, na kondo lenyewe linamwaga vitu vinavyoumiza mishipa ya mama, figo na ini. Dawa za presha zinamkinga mama na kiharusi, kondo haziligusi. Ugonjwa unaanza kuisha kondo likitoka. Kwa hiyo njiti wengi wa wodi yetu hawakuzaliwa kwa sababu uchungu uliwahi. Sisi ndio tuliowatoa, baada ya kupima kila siku kama tumbo bado ni salama kuliko nje. Mwenye hali nyepesi tunamsubirisha hadi wiki 37. Yule wa bajaji hakuwa na nafasi hiyo.

Alipata magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, gramu 4 kwenye mshipa, polepole, na gramu 5 kila tako, kabla hata hatujapiga simu ya rufaa. Utafiti wa Magpie wa mwaka 2002, wenye wanawake takriban 10,000, ulionyesha dawa hii inapunguza hatari ya kupata degedege kwa zaidi ya nusu, lakini nimewaona wageni wa kazi wanaiogopa kuliko ugonjwa. Kabla ya kila dozi inayofuata gonga goti uone kama linaruka, hesabu pumzi zisipungue 16 kwa dakika, pima mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa. Kalsiamu glukoneti, dawa ya kuokoa magnesiamu ikizidi, iwe mezani, siyo stoo. Alichomwa pia deksamethasoni kwa ajili ya mapafu ya mtoto, na presha ikashushwa.

Mtoto alitoka kwa upasuaji siku ya pili, gramu 1,350, akafungwa kifuani kwa mama yake kwa kanga. Wote tukapumua, nami nikiwa wa kwanza. Siku ya nne mama anafungasha aende kulala chumba cha akina mama wa njiti, mwanafunzi mmoja akamfunga mkanda bila kutumwa: 164/108. Presha hupenda kupanda tena kati ya siku ya tatu na ya sita baada ya kujifungua. Nilikuwa nimeshashika kalamu nimsainie.