Maswali ya Wasomaji: Chakula kilicholala na kifungua kinywa cha wageni

SWALI: Assalaam alaykum. Nina nyumba ndogo ya wageni hapa Jambiani, na kifungua kinywa nakiandaa mwenyewe nikisaidiwa na binti mmoja. Juzi mgeni alikula mbaazi za nazi asubuhi, na kabla ya adhuhuri akaanza kutapika. Mbaazi hizo nilizipika jioni, lakini kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika niliziacha jikoni zimefunikwa, na asubuhi nikazichemsha mpaka zikatokota. Je, zinaweza kuwa ndizo zilizomdhuru, ilhali nilizichemsha vizuri? Na umeme ukikatika usiku, nibakize nini na nitupe nini?

Msomaji, Jambiani, Unguja

JIBU: Wa alaykumu salaam, dada. Bila vipimo hakuna awezaye kusema kwa yakini kilichomdhuru mgeni wako, lakini ndiyo, mbaazi hizo zinaweza kabisa kuwa chanzo, na kuzichemsha asubuhi hakukutosha kuziokoa. Wako bakteria, kama Bacillus cereus, ambao mbegu zao hustahimili mchemko wa kwanza. Chakula kinapopoa polepole na kulala katika joto la kawaida la pwani, mbegu hizo huamka, bakteria huongezeka, na baadhi yao huacha ndani ya chakula sumu isiyovunjwa na moto wa jikoni. Sumu ya namna hiyo huleta kutapika ndani ya saa chache, kwa kawaida kati ya 1 na 6, na chakula chenyewe huenda kisibadilike harufu wala ladha. Kwa hiyo kuonja hakukupi uhakika wowote, na ninakusihi uiache kabisa desturi ya kupima usalama kwa ulimi.

Bakteria wengi wa chakula hustawi kati ya nyuzijoto 5 na 60 za Selsiasi. Chakula kilichopikwa kisikae katika kiwango hicho zaidi ya saa 2: ama kiendelee kuwa cha moto sana, ama kipoe haraka na kuingia kwenye friji. Sufuria kubwa ya mbaazi, maharage au wali hubaki vuguvugu katikati kwa muda mrefu, hivyo kimimine kwenye masinia mapana, kina kiwe kifupi, kisha kikipoa kiingie ndani. Mimi ningekushauri zaidi ya hapo: mbaazi zichemshe jioni bila nazi ikiwa friji inafanya kazi, na tui uliweke alfajiri. Usiku usio na umeme, loweka mbaazi tu, uzipike asubuhi, hata kama kifungua kinywa kitachelewa.

Friji iliyofungwa bila kufunguliwa huhifadhi ubaridi kwa takriban saa 4, na friza iliyojaa kwa takriban saa 48, ikiwa nusu saa 24. Nunua kipimajoto kidogo cha friji, kwani ndicho kitakachokujulisha hali ilivyo, badala ya kukisia. Nyama, samaki, maziwa na vyakula vilivyopikwa vilivyokaa juu ya nyuzijoto 5 kwa zaidi ya saa 2 vitupwe, ijapokuwa hasara inauma. Siagi na matunda mazima havina haraka hiyo. Matunda yaliyokatwa yanayo. Barafu nayo itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa, maana kugandisha hakuui vijidudu.

Jambo la mwisho ni binti anayekusaidia. Akiharisha au kutapika, asiguse chakula mpaka zipite saa 48 tangu dalili ziishe, na mshahara wake wa siku hizo umlipe, kwa sababu asipolipwa ataficha ugonjwa.

SWALI: Mgeni wangu aliwashwa na uso ukamwiva mwekundu baada ya kula jodari aliyekaangwa vizuri. Je, ana mzio wa samaki?

Msomaji, Tanga

JIBU: Huenda, na daktari ndiye wa kulithibitisha hilo. Hata hivyo jodari, vibua na samaki wa jamii yao wakikaa juani baada ya kuvuliwa hutengeneza histamini, nayo huleta dalili zinazofanana sana na mzio, na haiondolewi na kukaanga, kuchemsha wala kugandisha. Nunua kwa mvuvi anayebeba barafu chomboni, na samaki akifika kwako bila barafu mkatae, hata akiwa anang'aa. Dalili za kushindwa kupumua zikimpata mgeni, mpeleke hospitali papo hapo.