Kitunga cha Pasaka bila bombo: kila kitu kiingie na mwenzake

Bombo (peremende) za kitunga cha Pasaka huisha kabla chakula cha mchana hakijaiva, na kinachobaki ni makaratasi sakafuni na mtoto anayeuliza kama ziko zingine. Wazazi wengi hapa Lubumbashi wameliona hilo, wakahamia kwenye zawadi nyingine. Lakini Jumatatu ya Pasaka utakuta balo (mpira) imelegea na nyumba haina pompi ya kuijaza hewa, rangi ziko na karatasi haiko, mbegu ziko na hakuna wa kumwonyesha mtoto pa kuzipanda. Kwa hiyo, kitu kisicho na mwenzake kisiingie kitungani. Vitu vitatu vilivyokamilika hushinda kumi na tano vya kuokoteza.

Kitunga cha matete chenye upana wa sentimeta 25 kinatosha. Baseni ndogo ya plastiki nayo inafaa, tena itaendelea kufanya kazi ya nyumba. Kwa kukitandika, nunua nusu yadi ya kitenge, yaani kama sentimeta 45 kwa 115, uikate katikati: umepata vitambaa vya vitunga viwili, na baadaye kila kimoja ni cha kufunga kichwa au kufunikia kayi (daftari). Ukiwa na watoto watatu, tafuta vitenge vya maua matatu tofauti, la sivyo ugomvi wa "hiki ni changu" utaanza kabla ya misa. Chini weka magazeti yaliyokunjwakunjwa ili vitu vionekane. Vizito vikae katikati. Vikilalia upande mmoja, mkono wa kitunga huachia pale ulipofumwa.

Penseli za rangi ndizo hununuliwa zaidi na ndizo hutuudhi zaidi. Kabla ya kulipa, tazama ncha ya nyuma ya kila penseli: risasi iwe katikati ya mti. Ikiwa imeegemea pembeni, kila ukichonga itakatika, hata kichongeo kiwe kipya. Pakiti iliyoanguka chini pale sokoni nayo huwa imevunjika ndani bila kuonekana. Wenzake ni kichongeo na karatasi isiyo na mistari. Chukua karatasi 10 za A4, zikunje pamoja katikati, toboa mashimo matatu kwenye mkunjo (moja katikati, mengine sentimeta 6 kila upande), shona kwa uzi wa fundi. Hapo una daftari la kurasa 40. Watoto wakirudi shule baada ya likizo, penseli zilizobaki zitaingia kwenye begi.

Balo: namba 3 kwa mtoto wa chini ya miaka 8, namba 4 kwa wa 8 hadi 12. Namba 5 ni ya miaka 13 na zaidi, usidanganywe na ukubwa. Mwenzake ni sindano ya pompi, na ilowanishwe kwa maji kila mara kabla ya kuingizwa. Sindano kavu huchana valvu, na balo nyingi hufa hivyo, si kwa miiba. Kamba ya kuruka ipimwe hivi: mtoto aikanyage katikati kwa mguu mmoja, ncha zifike makwapani. Ya nailoni nyembamba ni nyepesi mno, haizunguki. Tafuta yenye unene wa milimita 8 au zaidi, uunguze ncha zake zisifumuke.

Zawadi tunayoipenda kuliko zote, ubao wa kisolo (mchezo wa aina ya bao), haigharimu karibu chochote. Trei ya karatasi ya mayai 30 ina safu 5 za mashimo 6. Kata safu 2 pamoja: huo ni ubao wa mashimo 12. Kata safu moja zaidi na uigawe vipande viwili viwe ghala za wachezaji. Mwenzake ni maharagwe 48, manne kila shimo, na uongeze 6 ya akiba kwa sababu yatapotea. Mchezaji huchota shimo moja la upande wake, akagawa punje mojamoja akizunguka. Ya mwisho ikiangukia upande wa mwenzake na kufikisha punje 2 au 3 katika shimo hilo, anazila, yaani anazitia ghalani mwake. Kisolo cha wazee kina safu nne na sheria zake. Hiki ni cha kuanzia. Chagua trei isiyo na kinyesi wala alama ya yai lililovunjika, ianike juani siku nzima, kisha ibandike kwenye kipande cha katoni kwa gundi ya unga wa muhogo. Bila katoni hujipinda siku ya pili na maharagwe yote humwagika.

Mbegu za lengalenga zikunjwe kwenye karatasi, kijiko kimoja cha chai. Mwenzake ni kopo la nyanya lililotobolewa matundu matatu chini kwa msumari, ukingo wake ukigongwa kwa nyundo usikate vidole. Mbegu hizo ni ndogo sana: zinyunyizwe juu na kufunikwa kwa udongo mwembamba tu, maana ukizizika hazitoki. Pasaka ikija Machi, kama itakavyokuwa tarehe 28 mwaka 2027, mvua itasaidia. Ikichelewa hadi katikati ya Aprili, mtoto ajue kumwagilia kila siku.

Sasa vya kuacha sokoni. Vichezeo vinavyowaka taa huwa na betri ndogo ya duara kama kifungo. Mtoto akiimeza inaweza kumchoma koo vibaya ndani ya saa mbili. Kama mfuniko wake haufungwi kwa skrubu, usinunue. Gololi na maputo si vya mtoto wa chini ya miaka mitatu, karanga nzima si za mtoto wa chini ya miaka mitano, na puto lisilojazwa wala lililopasuka lisiachwe hata kwa mkubwa wake.

Kuhusu sungura anayeleta mayai: huyo ni wa Wajerumani. Wafaransa na Wabelgiji husema mayai huletwa na kengele, zile zinazonyamaza tangu Alhamisi Kuu. Kalulu wetu, sungura wa hadithi, anajulikana kwa kuiba, si kwa kuleta, kwa hiyo mwacheni nje ya jambo hili.

Mayai yenyewe ni rahisi. Mwombe mama wa vitunguu maganda makavu, viganja viwili vilivyojaa, mara nyingi atakupa bure. Yachemshe dakika 30 katika lita moja ya maji, chuja, acha ipoe kabisa, ongeza vijiko viwili vya siki. Weka mayai mabichi ndani ya maji hayo baridi ndipo uwashe moto. Yai likitumbukizwa kwenye maji yanayochemka hupasuka. Dakika 10 tangu yaanze kuchemka zinatosha. Siki ikizidi hula ganda na rangi hutoka mabakamabaka. Kwa umeme wetu wa kukatikakatika usitegemee friji: yapikwe Jumapili asubuhi, yaliwe asubuhi hiyohiyo. Yapanguse kwa tone la mafuta yang'ae, na yaingie kitungani mwisho kabisa, yakiwa makavu, kwa sababu yai lenye unyevu huacha rangi yake kwenye daftari.