Kulala Krzyzewskiville: hema hupotea kwenye zamu kabla ya kupotea kwenye baridi

Uwanja wa ndani wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Duke, Cameron, ulioko Durham, North Carolina, una nafasi 9,314 tu. Wanafunzi wa shahada ya kwanza huingia bure, kwa foleni, na foleni ya mechi dhidi ya mahasimu wao, Chuo Kikuu cha North Carolina, ni ya wiki kadhaa. Ndiyo maana tangu 1986 mahema husimikwa nje ya uwanja, Krzyzewskiville, mahali palipopewa jina la Mike Krzyzewski, aliyekuwa kocha wa Duke hadi 2022.

Hema moja huwa na watu hadi 12. Anzeni na ratiba, hema litafuata. Sheria ikidai 10 walale hapo kila usiku, wanaopumzika ni wawili tu, maana yake kila mmoja anapata kitanda chake usiku mmoja kati ya sita. Andikeni kwanza saa za vipindi, maabara na mitihani ya kila mtu, ndipo mgawane zamu. Zamu za mchana zipishane dakika 15: anayekuja afike kabla anayeondoka hajaondoka. Mahema mengi huponea au kufia hapo, kwa sababu wasimamizi wa foleni huita ukaguzi bila taarifa, na hema lisilo na mtu laweza kupoteza nafasi yake kwenye orodha. Usiku, kitambulisho kikae mfukoni mwa nguo unazolalia. Anayelala na visikizi masikioni ni hatari kwa wenzake wote.

Januari huko joto la usiku hushuka hadi karibu nyuzi 0, na mvua ni nyingi. Turubai la chini liwe dogo kuliko sakafu ya hema. Likichomoza nje hata kidogo, hukinga maji ya mvua na kuyaingiza chini yenu. Hema likiinuliwa juu ya paleti za mbao, tope halifiki. Baridi kali hutoka ardhini, kwa hiyo godoro la upepo peke yake halitoshi: tandikeni sponji. Acheni matundu ya juu wazi, la sivyo pumzi za watu 10 zitageuka matone yatakayolowesha mifuko ya kulalia kabla ya alfajiri.

Jiko la gesi au mkaa lisiingie hemani kamwe. Waliokulia kwetu wanajua jiko la mkaa linavyoua watu usingizini katika chumba kilichofungwa, na hema ni chumba kidogo zaidi. Chupa ya maji ya moto miguuni inatosha.